Uzito wa Mwezi wa Saba

Asubuhi aliyoondoka kwenda Mombo, shangazi Mwanaisha alinivuta jikoni akanionyesha ndoo nyeupe yenye mfuniko nyuma ya mlango. Ilikuwa imejaa sukari.

"Hii ni ya nyuki," alisema. "Si ya chai yako."

"Shangazi, nyuki wetu hawali sukari."

Alinitazama kama mtu mwenye neno mdomoni, lakini pikipiki ilikuwa inamsubiri barabarani. Binti yake Latifa alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na shangazi alikuwa anakwenda kumlea mzazi mpaka arobaini itimie. Alijifunga khanga vizuri, akabeba kapu lake.

"Ukiwaona wanatoa watoto nje, wape. Usinipigie simu kuniuliza, wala usimuulize mtu."

"Watoto gani?"

"Utawaona, Saumu."

Akaondoka. Nami nikacheka, peke yangu pale jikoni, kicheko cha mtu aliyesoma.

Nilikuwa na haki ya kucheka, nilidhani. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane iliyopita, stashahada ya ufugaji nyuki, na nilirudi kijijini nikamkuta shangazi ana makundi saba ukingoni mwa msitu, juu kidogo ya mashamba ya chai. Makundi sita yalikaa kwenye masanduku mapya aliyotengeneza fundi Kornelio. La saba lilikaa kwenye gogo la mti wa mkulo lililochongwa na marehemu mume wake, mzee Hassani, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Hayo mengine sita yote yalizaliwa humo. Kila kundi lililojitenga likatoka kwenye lile gogo, shangazi alilifuata na kikapu na kulirudisha nyumbani. Ndiyo maana aliliita Mama.

Mimi ndiye niliyemwandikia lebo za chupa. Zamani asali yake ilikwenda sokoni kwenye chupa za maji zisizo na jina. Nikanunua chupa nzuri, nikachapisha karatasi za njano huko Lushoto mjini, nikaandika kwa maneno yangu mwenyewe: "Asali ya msituni. Nyuki wetu hawajawahi kuonja sukari." Niliipenda sentensi ile. Niliisoma kwa sauti mara tatu kabla ya kumlipa mchapaji. Wenye maduka nao waliipenda, na wateja walikuwa wakiigeuza chupa kuitafuta.

Kwa hiyo ndoo ile niliifunika kwa gunia.

Nilikuwa na njia yangu ya kujua kama nyuki wana akiba. Pale kituo cha kukusanyia majani ya chai kulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa duara na ndoano chini. Karani wake, kijana anayeitwa Heri, aliniazima kila Jumamosi baada ya kazi. "Ukiipoteza ndoano, ujue utapima chai kwa mikono yako mpaka uolewe," aliniambia. Mizinga yetu imening'inizwa kwa waya kwenye mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo, basi kupima si shida: unashikiza ndoano, mnainua watu wawili, unasoma.

Wa pili alikuwa Baba Yunis, jirani yetu mkulima wa viazi, Mlutheri mwenye mdomo.

"Mtaalamu, onga makeo!" alinisalimu kila Jumamosi, salamu ya asubuhi ya Kisambaa, hata ikiwa jioni, kwa kunitania tu.

"Shikamoo, Baba Yunis."

"Marahaba. Leo tunapeleka kliniki watoto gani?"

"Wote saba."

"Mwaka huu hata wanangu sikuwapima hivi."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita nilipima mizinga yote, na nikapima hata sanduku la nane lililokuwa tupu, likingojea kundi jipya, ili nijue mbao zenyewe zina uzito gani. Kilo ishirini na moja. Sanduku la kwanza lenye nyuki: thelathini na mbili. La pili: thelathini na tatu. Gogo la mzee Hassani: thelathini. Nikatoa uzito wa mbao, nikapata akiba. Nilifurahi. Hesabu ilikaa sawa kama mfano wa darasani.

Kisha ukungu ukashuka. Watu wa tambarare wakisikia baridi ya Usambara wanafikiri ni upepo. Si upepo. Ni maji yasiyoanguka. Yanakaa hewani wiki nzima, nguo hazikauki, kiberiti hakiwaki, chumvi inalia kwenye kopo. Nyuki hawatoki. Maharage yalikuwa yameshavunwa, na msituni kila kitu kilikuwa kijani kizito bila ua hata moja.

Jumamosi ya pili, sanduku la kwanza lilisoma thelathini na tatu. Ya tatu, thelathini na nne na nusu. Mwanzo wa mwezi wa saba, thelathini na sita. Masanduku yote sita yalikuwa yanapanda. Gogo peke yake lilikuwa linashuka: ishirini na nane, ishirini na sita, ishirini na tano.

"Hilo la mzee limepatwa na nini?" aliuliza Baba Yunis.

"Malkia amechoka. Kundi limekuwa vivu. Mvua zikija nitambadilisha."

"Kumbe hata nyuki mnawastaafisha."

Shangazi alipiga simu jioni hiyo. Sauti yake ilikuja na ya kichanga kinacholia nyuma yake.

"Shikamoo shangazi. Mzazi hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, anakula kama mkulima. Nyuki wangu?"

"Wananenepa! Masanduku yote yameongeza kilo nne tangu uondoke."

Nilidhani mtandao umekata.

"Wameongeza?" alisema. "Kwa maua gani?"

"Msitu una maua mengi, shangazi."

"Mwezi wa saba? Saumu, hebu nitajie moja."

Nilifungua mdomo. Hapo mtandao ukakata kweli, nami nikashukuru. Lakini swali halikukata. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikalijibu kwa kiburi: mizani haidanganyi. Kama kilo zipo, maua yapo. Shangazi hajayaona tu.

Siku tatu baadaye, kabla ya saa mbili asubuhi, Baba Yunis aliniita kutoka ukingoni mwa msitu. Hakunitania salamu.

"Njoo uone. Nyuki wako wamemwaga wali."

Nilikwenda nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Chini ya gogo la mzee Hassani, juu ya majani yaliyolowa, kulikuwa na punje nyeupe. Nyingi, kiganja kizima. Zilifanana kabisa na mchele uliopikwa. Niliinama. Punje moja ilikuwa na mikunjo midogo ubavuni. Nyingine ilikuwa imeshaanza kuota macho ya zambarau.

Majana. Watoto wa nyuki, wa kabla ya kupata mabawa.

Mlangoni mwa gogo alitokea nyuki mmoja. Alikuwa anatembea kinyumenyume, anaburuta kitu. Alifika ukingoni akakiachia. Jana moja zaidi likaanguka juu ya mengine, bado linajikunja. Yule nyuki akasimama kidogo, kisha akarudi ndani kuchukua mwingine.

"Wanatupa watoto," alisema Baba Yunis taratibu. "Wazima wazima."

Chai ilikuwa inanimwagikia miguuni. Nilikwenda sanduku la kwanza: punje nyeupe. La pili: punje nyeupe. La tatu halikuwa na punje, na nikapata tumaini la sekunde moja, mpaka nilipogundua kuwa mlangoni mwake hapakuwa na nyuki pia.

Nilianza na lile la tatu. Sikuvaa hata kofia ya wavu. Nilinyanyua kifuniko, nikang'oa kiunzi cha kwanza, kile kijiti ambacho nyuki huning'inizia sega. Sega lilikuwa jepesi kama karatasi. Halikuwa na asali, wala chavua. Kiunzi cha nne ndipo nilipowakuta. Walikuwa wameingia kwenye vijumba vya sega vichwa mbele, kila mmoja na chake, hadi ndani kabisa, na nilichokiona mimi ni matako yao tu, mamia kwa mamia, yamepangwa kama vishikizo. Walikufa wakilamba sakafu.

Nilitikisa kidogo. Waliokuwa nje ya vijumba wakaanguka chini ya sanduku kwa sauti kavu, kama uwele unapomiminwa kwenye bati.

Sikulia. Nilisimama na sega mkononi, nikiwaza jambo la kipuuzi: sanduku hili Jumamosi lilisoma kilo thelathini na saba.

"Thelathini na saba za nini?" nilisema kwa sauti.

Baba Yunis alikuwa ameshika kifuniko. Alikibonyeza kwa kidole gumba, na maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko chake.

"Mtaalamu," alisema, "Kornelio alipasua mbao hizi lini?"

Mwezi wa pili. Nilikuwepo. Ulikuwa mti wa msindano mbichi, bado unanukia utomvu, haukupakwa hata mafuta machafu. Nilikimbia nyumbani kuchukua mizani, kwani Heri alikuwa hajaifuata bado. Tulilitundika lile sanduku la nane, tupu, ambalo mwezi wa sita lilisoma ishirini na moja, nalo halijawahi kuingiwa na nyuki hata mmoja. Mshale ukapita ishirini, ukapita ishirini na tatu, ukatulia kwenye ishirini na saba na nusu.

Nilikuwa ninapima ukungu.

Wiki nne nilikuwa nimesimama na daftari langu, nikiandika maji na kuyaita asali. Na gogo la mzee Hassani, kavu, lenye miaka ishirini ya nta na moshi ndani yake, lisilonywa tone, ndilo pekee lililokuwa likisema ukweli. Lilisema kila Jumamosi. Nami niliandika pembeni yake: vivu.

Nikaikumbuka ndoo.

Nilichemsha maji, nikamimina sukari, kikombe kwa kikombe, nikakoroga mpaka yakawa shira nyepesi isiyo na punje. Nilitoboa vifuniko vya chupa kwa msumari mwembamba. Saa tano kasoro kila kitu kilikuwa tayari, shira ya vuguvugu kwenye birika kubwa la shughuli, chupa zimepangwa kwenye beseni. Nikaketi.

Baba Yunis alinitazama.

"Unangoja nini?"

"Jioni."

"Kwa nini jioni?"

"Ukiwalisha mchana, harufu inasambaa. Makundi yenye nguvu yanavamia wanyonge na kuwapora. Ndivyo inavyotakiwa, jua likishuka."

Alivua kofia yake, akaigeuza mkononi.

"Wenye nguvu ni wepi hapa?"

Nataka kuandika kwamba sikumsikia, lakini nilimsikia vizuri sana. Ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimepoteza mizani, na kitu pekee kilichobaki mkononi mwangu ni daftari la chuo. Nililishika. Alitaka hata kuniletea bomba lake la mgongoni tuwanyunyizie haraka. Nikamkataza, maana bomba lile limebeba dawa ya viazi tangu mwaka juzi. Hapo nilikuwa sahihi, na usahihi huo mdogo ukanipa jeuri ya kuendelea kungoja.

Saa nane ukungu ukapasuka. Jua lilitoka ghafla, jua la kweli, la kwanza baada ya siku kumi na moja. Chai yote ikametameta. Nilisema moyoni afadhali, watapata joto. Nikabeba birika kulisogeza karibu ili jioni isinikute mbali.

Nilikuwa hatua kama kumi kutoka kwenye gogo niliposikia. Haukuwa mlio wa hasira. Ulikuwa mlio mmoja mpana, kama gari kubwa linalopanda mlima kwa gia ya chini. Kisha mlango wa gogo ukamwagika. Walitoka wote kwa pamoja, wakitiririka juu ya mbao, wakaruka, wakajaza hewa mbele ya uso wangu, na hakuna hata mmoja aliyenichoma. Hawakuwa na haja na mimi. Walizunguka mara mbili, kundi dogo, dogo kuliko nilivyojua, kisha wakakaza, wakaelekea ng'ambo ya bonde.

"Ngojeni!" nilipiga kelele. Niliwapigia kelele nyuki. "Ngojeni, nimeleta!"

Nilikimbia nao hadi mwisho wa chai, birika mkononi, shira ikinirukia kwenye gauni. Kundi likavuka mto na kupotea juu ya miti. Wakiwa hawana akiba tumboni, wasingefika mbali. Hilo nalo nililisoma chuoni.

Niliporudi, Baba Yunis alikuwa ameshaziba milango ya masanduku kwa majani, ameacha tundu la nyuki mmoja tu kila sanduku.

"Sasa hakuna wa kumpora mwenzake," alisema. "Lete birika."

Ilikuwa rahisi hivyo. Sikungoja jioni tena. Tulifungua masanduku matano, tukageuza chupa juu ya viunzi, palepale penye nyuki. Waliokuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kupanda tuliwadondoshea matone kwa kona ya kitambaa. Kwenye sanduku la kwanza nilidondosha tone juu ya sega la wale niliodhani wamekufa vichwa ndani, bila kufikiri. Matako mawili yakatikisika. Nyuki mmoja akarudi nyuma, taratibu, akatoka kwenye kijumba. Alikaa kama mlevi. Kisha akatoa ulimi, mwekundu, mwembamba kuliko uzi, akaugusa mkono wangu uliolowa shira.

Hapo ndipo nililia.

Katika matano, mawili hayakuamka. Yakabaki matatu. Niliyalisha kila siku, asubuhi au jioni, wakati wowote chupa zilipokauka.

Shangazi alirudi arobaini ilipotimia. Nilikuwa nimemwambia yote kwenye simu, naye alisema tu, "Nimesikia." Aliposhuka kwenye pikipiki hakupita nyumbani. Alikwenda ukingoni mwa msitu na kapu lake, akapita masanduku, akasimama mbele ya gogo. Aliingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko. Akautoa. Akaunusa.

"Shikamoo, shangazi," nilisema nyuma yake.

Hakuitikia mara moja, na katika maisha yangu yote hakuwahi kuchelewesha marahaba yangu.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Walielekea wapi?"

"Ng'ambo. Juu ya mto."

"Mlifuata?"

"Nilifuata. Siku nne. Sikuwaona."

Akatikisa kichwa, akaketi kwenye jiwe, akafungua kapu. Alitoa chupa moja ya asali, ile yenye karatasi ya njano. Alikuwa ameibeba Mombo kwa ajili ya mzazi. Ilikuwa tupu. Aliigeuza akasoma kwa sauti, polepole, kama mtangazaji wa redio.

"Nyuki wetu hawajawahi kuonja sukari."

"Shangazi, nisamehe. Ni ile sentensi ndiyo iliyonizuia..."

"Kila mwaka ninawapa," alisema.

Sikuelewa.

"Kila mwaka, Saumu. Tangu mzee Hassani yuko hai. Ukungu ukishuka tunawapa, mkaratusi ukifungua ua la kwanza tunaacha. Wanaila yote wenyewe, wanalelea watoto. Haiingii tone kwenye asali ya kuuza. Mwaka jana ulikuwa chuoni, ungeonaje?"

Masikio yangu yalikuwa yanavuma kama gogo lile mchana ule.

"Lakini uliisoma! Nilipoleta lebo uliisoma mbele yangu!"

"Niliisoma."

"Mbona hukusema ni uongo?"

"Ulikuwa na furaha." Aliisimamisha chupa juu ya jiwe. "Nikasema, ni karatasi tu. Karatasi itamwua nani?"

Tukatazama gogo wote wawili. Baba Yunis, aliyekuwa anapalilia viazi vyake upande wa pili wa uzio, aliacha kupalilia.

Jioni ile tulikaa jikoni na mafungu mawili ya lebo mpya ambazo hazijabandikwa, karibu mia tatu. Nilidhani ataniambia nizichome. Alinipa kalamu. Nilifuta sentensi ile moja moja, na kila niliyofuta aliipokea na kuiweka upande wake, bila kuniangalia.

Wiki ya tatu ya mwezi wa nane Baba Yunis alipita akiwa na tawi la mkaratusi lenye kofia za matumba zilizoanza kuanguka, nyuzi nyeupe zikichungulia. Nilimpelekea shangazi.

"Tuache kuwalisha?" nilimuuliza.

"Sijui."

"Shangazi!"

"Sijui, Saumu. Makundi yangu yalikuwa na nguvu mwezi huu, miaka yote. Haya matatu sijawahi kuyaona hivi. Ukiacha mapema, yanakufa. Ukichelewa, tunauza sukari. Nenda ukaamue."

Sikuchukua mizani. Sikuchukua daftari. Nilifungua sanduku la kwanza saa sita mchana, nikainua sega nikaliinamisha kuelekea jua. Kwenye vijumba vya ukingoni kulikuwa na kitu kinachong'aa, chepesi kama maji. Nilichovya ncha ya kijiti nikaweka ulimini. Ilikuwa na ukali kidogo, harufu ya majani yaliyosagwa, ule ukakasi wa mkaratusi unaojulikana na kila mtoto wa huku. Mbochi. Maji ya maua, hayajawa asali bado. Nyuki aliyetua mlangoni wakati huo alikuwa na mafungu ya chavua ya rangi ya maziwa miguuni.

Niliangalia chini. Majani yalikuwa makavu, na hapakuwa na punje nyeupe hata moja. Niliinama kuhakikisha, kisha nikapiga magoti, nikafunua jani baada ya jani kwa vidole.

Nikaitoa chupa ya shira. Sanduku la pili, mbochi kidogo, nikaitoa. La mwisho katika yale matatu halikuwa na kitu. Masega yake yalikuwa makavu, nyuki wake wachache wamejikusanya kama ngumi. Nilisimama mbele yake muda mrefu, nikisikia mikaratusi ikivuma kwa nyuki wa watu wengine.

Hilo nililiachia chupa. Nikachukua chaki, nikaandika ubavuni mwake kwa herufi kubwa ambazo shangazi angeziona kutoka mlangoni: HUYU ANAKULA SUKARI. ASALI YAKE HATUUZI.

Kisha nikaliendea gogo la mzee Hassani, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ndani palikuwa pakavu kabisa.